Je, mama aache tembe za presha ili anusuru figo zake?

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Tunakaa Likoni na mamangu, ambaye ana miaka 58 na amekuwa na kisukari kwa miaka 11, pamoja na presha. Kliniki ilimpima damu ikakuta kreatinini, taka ambayo figo huichuja kutoka damuni, ni 118, akaambiwa figo zimeanza kuchoka, akaandikiwa losatani, tembe ya presha. Wiki tatu baadaye alipopimwa tena ilikuwa imefika 132. Jirani yetu, ambaye mumewe alisafishwa damu kwa mashine hadi akafariki, anasema tembe za presha ndizo zinazoua figo, na kwamba dawa yake ni juisi ya birimbi kila asubuhi. Mama ameacha losatani siku ya nne sasa na anakunywa hiyo juisi. Haumwi popote ila magoti, ambayo hutulizwa na diklofenaki anayonunua duka la dawa. Je, jirani ana haki? Na sisi watoto wanne tufanye nini?

JIBU: Wa aleikum salaam, binti yangu. Nitangulize la haraka: juisi ya birimbi aiache leo hii, diklofenaki pia aiache leo, na mrudi kliniki wiki hii bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, ili apimwe kreatinini na potasiamu (madini ya damuni ambayo figo huyasawazisha) na daktari wake aamue kuhusu kumrudishia losatani.

Jirani simlaumu, kwa sababu amesema aliyoyaona kwa macho yake. Wagonjwa wengi hufika kwenye mashine wakiwa na mfuko uliojaa tembe za presha, na ni rahisi kwa anayewatazama kudhani kwamba tembe ndizo zilizowafikisha huko, ilhali presha yenyewe na kisukari vilikwisha kuzitafuna figo miaka mingi kabla. Kila figo ina vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja, na mgonjwa wa kisukari na presha huwa na damu inayopita katika vichujio hivyo kwa msukumo mkubwa kupita kiasi, mpaka vinapasuka na kugeuka makovu kimoja baada ya kingine. Losatani hulegeza mshipa mdogo unaotoa damu kwenye kichujio, msukumo ukapungua, na kwa kuwa msukumo umepungua, uchujaji nao hupungua kidogo mwanzoni na kreatinini hupanda. Kupanda huko tunakutarajia. Kusipozidi asilimia 30, na potasiamu ikiwa haijapanda kupita kiasi, kwa kawaida dawa huendelea, kwa maana baada ya miezi na miaka figo za anayeitumia huchoka polepole kuliko za asiyeitumia. Mamako alitoka 118 hadi 132, yaani asilimia 12 hivi.

Tena huenda hata hiyo 12 si ya losatani peke yake. Diklofenaki na ibuprofeni hubana mishipa inayoingiza damu kwenye figo, na zikikutana na losatani, figo hunyimwa damu mlangoni na kukosa msukumo wa kuchujia. Ni hatari zaidi mgonjwa anapokuwa pia na tembe za kukojoza, au anapoharisha na kutapika. Siku kama hizo awahi kuuliza kliniki kama losatani isimamishwe kwa muda. Kwa magoti, parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi kwake. Nakuomba ile pakiti ya diklofenaki uitie mkobani uende nayo kliniki, kwa sababu wagonjwa wengi hawaitaji wanapoulizwa dawa wanazotumia; kwao hiyo ni ya maumivu tu, si dawa.

Birimbi kidogo kwenye mchuzi wa samaki si tatizo langu. Tatizo ni juisi iliyokolea, kwa kuwa tunda hilo limejaa oksaleti, aina ya chumvi ya mimea ambayo huganda kama chembe za kioo ndani ya mirija ya figo. Kule Kerala, India, madaktari wameeleza wagonjwa ambao figo zao zilizimika ghafla baada ya kunywa juisi hiyo kama tiba. Figo zilizokwisha kuchoka haziwezi kustahimili mzigo huo. Chumvi apunguze mpaka chini ya gramu 5 kwa siku, ambayo ni kijiko kimoja cha chai, na ng'onda na papa wa chumvi wahesabiwe humo. Madafu, kwa kuwa yana potasiamu nyingi, asikatazwe wala asihimizwe mpaka potasiamu yake ijulikane.

Unasema haumwi popote. Hilo lisiwatulize, kwani mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo bila kuvimba uso wala miguu. Kwa umri wake, kreatinini ya 118 inakadiria uchujaji wa mililita 46 hivi kwa dakika, hatua ya tatu kati ya tano za ugonjwa wa figo. Mashine kwa kawaida huzungumziwa uchujaji ukishuka chini ya 15. Nafasi ya kuzilinda ni kubwa. Muulize daktari kipimo cha albumini (protini ya damu inayovuja) kwenye mkojo, kwa sababu kile kikaratasi cha kuchovya, kinachogeuka kutoka manjano hadi kijani, hukosa albumini inapokuwa bado kidogo. Muulize pia kama dapagliflozini, tembe ya kisukari ambayo pia hulinda figo, inamfaa.

Ninyi wanne mpimwe presha na sukari mwezi huu, hata kama mnajiona wazima. Atakayekutwa na mojawapo apimwe pia kreatinini na albumini ya mkojo, kisha arudie kila mwaka. Na ikiwa kipimo cha kwanza kitakuwa kibaya, msikate tamaa wala msikipuuze. Ugonjwa sugu wa figo hautangazwi mpaka kasoro idumu angalau miezi 3.