Wanawake walioachwa na mume mmoja: urafiki wao, maneno yao na watoto wao

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni mkazi wa Mtwara Mikindani. Niliolewa na mfanyabiashara wa korosho, mtu mcheshi mwenye maneno matamu, anayependwa na kila anayekaa naye, na tukaachana tukiwa tumepata mtoto wa kiume. Baadaye nimefahamiana na wanawake wengine watatu waliopitia kwake. Wawili aliwaoa, mmoja wa Newala na mwingine wa Kilwa Masoko, na wote wana watoto wake. Wa tatu alizaa naye binti bila ndoa. Sasa tumekuwa kama ndugu, tunatembeleana na kucheza upatu, na mazungumzo yetu mara nyingi huishia kwake. Mume niliye naye sasa hapendi, anasema huko ni kumkumbuka mume wa zamani. Tena mjomba wa binti mmoja wa Lindi anayeposwa na mwanamume huyo amenifuata kuniuliza tabia zake. Je, urafiki wetu ni makosa? Tunasengenya? Na huyo mjomba nimjibu nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Dada yangu, kuhusu urafiki wenyewe sina maneno mengi. Hakuna andiko linalowakataza wanawake walioolewa na mtu mmoja kupendana na kusaidiana baada ya kuachwa. Kinachohukumiwa ni yale mnayoyasema mkiwa pamoja.

Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba kusengenya ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia. Alipoulizwa itakuwaje ikiwa jambo hilo analo kweli, akajibu kwamba akiwa nalo umemsengenya, na asipokuwa nalo umemzulia. Basi ile hoja ya kwamba "sisi tunasema kweli tupu" haiwaondolei dhambi. Kukaa mkekani mkipokezana visa vyake, huyu akisimulia alivyoahidiwa nyumba ya bati na yule alivyobembelezwa mpaka akauza mikorosho ya mama yake, kisha mkacheka na kuagana, ni kusengenya hata kama hamkuongeza neno. Kibaya zaidi ni siri za chumbani. Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kwa sahaba Abu Said al-Khudri kwamba miongoni mwa watu wenye daraja mbaya kabisa mbele ya Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama ni mtu anayeingiliana na mkewe kisha akaitoa siri yake. Mwanamke naye ana hukumu hiyo hiyo, na talaka haiifungui siri hiyo. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wanawake waliopitia kwa mume mmoja huona kama wana ruhusa ya pekee ya kulinganisha. Hawana.

Pamoja na hayo, si kila kumtaja mtu kwa aibu yake ni haramu. Imamu Nawawi katika kitabu chake Riyadhus Salihin ametaja sababu sita zinazoruhusu, na mbili kati ya hizo zinakuhusuni. Moja ni malalamiko ya aliyedhulumiwa mbele ya mwenye uwezo wa kumpa haki yake. Hind bint Utba alimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba mumewe Abu Sufyan ni bahili na hampi yeye na watoto wake kinachowatosha, Mtume hakumkemea kwa kumsema mumewe, bali alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kuwatosha kwa wema. Kwa hiyo, ikiwa yeyote kati yenu anadai mahari iliyobaki, au watoto hawapewi matumizi wakati msimu wa korosho umemjaza fedha, mna haki ya kwenda kwa kadhi, kwa afisa ustawi wa jamii au mahakamani na kueleza yote yanayohusu madai hayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamlazimu mzazi kumtunza mtoto wake. Malalamiko yaliyofikishwa mahali pake ni halali. Yale yale yakirudiwa kwenye upatu kila wiki bila mtu kwenda kudai yamebaki masengenyo.

Sababu ya pili ni kumpa nasaha anayetaka ushauri wa ndoa, na hapo ndipo alipo mjomba aliyekufuata. Fatima bint Qays alikuwa ameachwa, na eda yake ilipokwisha akaposwa na Muawiya na Abu Jahm. Alipomtaka ushauri Mtume (s.a.w.), akaambiwa kwamba Abu Jahm haiweki chini fimbo yake, yaani hupiga wanawake, na kwamba Muawiya ni fukara asiye na mali, kisha akashauriwa aolewe na Usama bin Zayd. Watu wawili watukufu walitajwa kwa kasoro zao, kwa sababu aliyeuliza alikuwa na haki ya kujua. Ukinyamaza leo kwa kuogopa kusengenya, utakuwa umemficha Muislamu jambo aliloliulizia. Mjibu, lakini kwa kipimo. Nawawi ameeleza kwamba ikiwa neno "hakufai" linatosha, haifai kuongeza. Lisipotosha, sema uliyoyaona mwenyewe katika ndoa yako yanayohusu utunzaji, ukweli wa ahadi na uangalizi wa watoto, kisha usimame hapo. Uliyoyasikia kwa wenzako usiyabebe. Akitaka ya Newala na ya Kilwa, awaulize wenyewe. Na yule aliyezaa bila ndoa usimtaje kabisa. Akishatubu, jambo lake liko baina yake na Mola wake, na hamna haki ya kulitoa nje hata kwa nia ya kumharibia mwanamume posa.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko uliyouliza. Kwetu kusini, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, desturi ilikuwa mtoto kufuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye mlezi. Kuna kheri nyingi katika malezi hayo. Lakini wazazi wakiachana mapema, mtoto anaweza kukua akiwajua binamu wote wa upande wa mama asijue kwamba ana ndugu wa baba mmoja wilaya ya jirani. Qur'ani katika Suratul Ahzab, aya ya 5, imeamrisha watoto waitwe kwa baba zao, na Suratun Nisaa, aya ya 23, imeharamisha kumwoa dada, hata akiwa wa baba tu. Mwanao na binti wa Newala wakikutana siku moja chuoni, bila kujuana, nani atawazuia wasioane? Kwa hiyo urafiki wenu una kazi ambayo mwanamume huyo ameshindwa kuifanya: wakutanisheni watoto, wajuane kwa majina na kwa sura. Kwa yule binti aliyezaliwa nje ya ndoa, nasaba yake ni kwa mama yake, na wanazuoni wamehitilafiana juu ya ndoa yake na jamaa wa mwanamume. La salama ni kumweka mbali na ndoa hiyo, naye akaribishwe na wenzake bila kunyooshewa kidole.

Fahamu pia kwamba kwa aya ya 22 ya Suratun Nisaa, watoto wa kiume wa mwanamume huyo ni maharimu zako daima, yaani hawawezi kukuoa kamwe, talaka haibadilishi hilo. Wanaweza kuja kwako, ukawapikia, wakalala. Baba yao ndiye ambaye sasa ni mtu baki kwako.

Kuhusu mumeo, wivu wake si wa kubezwa. Wapokee wenzako nyumbani yeye akiwapo, usikie naye asikie, na jina la yule mwanamume lisitajwe ila kwa ajili ya watoto. Mtoto akihitaji ada au matibabu, ujumbe uende kwa baba yake kupitia kaka yako au mumeo mwenyewe, si kwa simu zenu wawili za usiku. Mumeo akibaki na shaka hata baada ya hayo, punguza safari za Newala na Kilwa, lakini usikate watoto kuonana.

Wallahu a'lam.