Ulilala kabla ya Kobe

Mwanangu,

Marahaba. Huku Dodoma hatujambo, ni upepo tu na vumbi lake. Unasema umeanza kumsimulia mume wangu mdogo ile hadithi ya Sungura na kisima, naye amekubana: mbona Sungura aligoma kuchimba, akaiba maji ya wenzake, na hakufanywa kitu? Unauliza kama ndivyo nilivyokusimulia au umesahau.

Hujasahau, ulikuwa unalala. Fisi akishafungwa tu, wewe huyo, mdomo wazi, nami nazima taa.

Mimi niliipata kwa bibi yangu kule Mvumi, na bibi hakuwa na haraka. Kuchimba peke yake kulikula nusu ya usiku. Wewe ulikulia mjini, maji ukayajua ya bomba, yale ya visima vya Mzakwe, na siku za mgawo ukayajua ya ndoo. Kisima cha bibi kilikuwa cha mchangani, katikati ya korongo lililokauka, kama tulivyochimba wenyewe kila kiangazi. Unachimba mpaka mchanga ugeuke rangi, unakaa, maji yanajichuja taratibu, unachota kwa kata, unangoja tena. Ukimaliza unazungushia matawi ya miiba mbuzi wasiingie. Mtu akija usiku akayakomba, asubuhi unakuta tope. Mweleze mtoto hayo kwanza, la sivyo wizi wa Sungura atauona utani.

Basi, Fisi akapewa ulinzi. (Mlafi kuwa mlinzi! Hata utotoni nililaumu hilo kuliko wizi wenyewe.) Sungura akaja na kibuyu cha asali, akamlambisha kidogo, akamwambia utamu wake hauvumiliki mpaka mlambaji afungwe mikono na miguu. Fisi akakubali. Hapo ndipo ulipokuwa ukianza kukoroma.

Usiku uliofuata Kobe akajipaka ulimbo mgongoni, akazama kisimani. Sungura akakanyaga akidhani ni jiwe, mguu ukanasa. Akapiga teke kwa wa pili, nao ukanasa. Akapiga kichwa. Hapo bibi alitubandika kiganja kwenye paji la uso, akakivuta polepole kana kwamba hakibanduki.

Asubuhi wanyama wakataka kumfunga. Akalia: nifungeni kwa chochote, ila si ukoka mbichi, utanikata nyama! Wakaiacha kamba ya gome la mbuyu, ambayo ingemshika mpaka leo, wakakimbilia ukoka. Jua la Ugogo unalijua. Kufika saa sita ukoka umekauka, ukakatika, naye huyooo.

Kwa hiyo mjukuu wangu amepatia nusu. Alikamatwa, akaaibishwa, kisha ujinga wa waliomkamata ukamwokoa. Usimuue ili kumridhisha mtoto. Tulimwomba bibi amuue, akatuuliza kesho usiku tutasimuliana nini.

Ijumaa natuma ubuyu kwa basi. Mpe kidogo kidogo, asiumalize siku moja kama baba yake.

Mama yako