Watu wa kusaidiwa hawaji mkutanoni, waulizie gengeni

Mwaka wa kwanza tulivyoanza kusaidia watu huku Mbagala tulikosea. Tulifunga spika kwenye bajaji tukazunguka mtaa mzima tunatangaza, mwenye kaya isiyojiweza aje Jumamosi ofisi ya serikali ya mtaa tumsaidie mambo ya TASAF, ule mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Watu walikuja, tena wengi, ila wengi wao ni wale waliozoea ofisi na wanaojua kujieleza. Bibi mmoja wa nyumba ya nyuma yetu, anafua nguo za watu na analea wajukuu watatu, hakutokea. Nilivyomuuliza akaniambia, "Mwanangu, nikasimame pale kila mtu anione nina njaa?" Kwakweli nilikosa jibu.

Toka siku hiyo spika tumeacha. Sasa hivi naanzia gengeni, maana muuza genge ndo anajua nani siku hizi ananunua nusu nyanya, nani deni lake la unga limefika ukurasa wa pili. Simuombi daftari, hayo ni mambo ya watu, namwambia tu kama kuna mtu unamuona kazidiwa mwambie ntapita kwake jioni akitaka. Jioni, sio mchana, mchana watu wako kwenye vibarua. Na ukifika kaa chini, piga stori kwanza, usitoe peni na karatasi mlangoni kama mtu wa sensa.

Wapangaji ndo wanasahaulika kuliko wote. Majina ya kaya maskini yanatajwa na wananchi wenyewe kwenye mkutano wa mtaa, sasa mtu kahamia chumba kimoja miezi minne iliyopita, mjumbe hamjui, jirani hamjui, nani atamtaja? Kwa hiyo mpeleke kwa mjumbe mapema akajitambulishe, na siku ya mkutano nenda nae mkae pamoja. Halafu jamani usimuahidi mtu kwamba ataingia. Usajili haufunguliwi kila siku na wewe sio unayechagua, ukiahidi afu akakosa hatakufungulia mlango tena. Na mwambie wazi kuandikishwa hakuna malipo, maana wapo wanaopita wakidai elfu tano ya fomu kwa mtu ambaye hiyo elfu tano ndo chakula cha siku mbili.

Ila kuna kundi ambalo mi nilikuwa silifikirii kabisa, wale ambao tayari ni walengwa, yaani wameshaandikishwa, na hela haiwafikii. Huu mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, kwenye kipindi chake cha pili kilichozinduliwa Februari 2020, hauleti magunia ya mahindi, unaleta hela kila baada ya miezi miwili, na hiyo hela ndo unga, ndo dagaa, ndo mafuta ya kupima. Sehemu yake imefungwa na watoto, wadogo wapelekwe kliniki, wa shule wahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, sasa mtoto akiumwa wiki mbili na hakuna aliyempa mwalimu taarifa, hela inapungua na mama hajui kwanini.

Yule bibi kumbe alikuwa mlengwa. Nilienda kwake jioni nikakalia ndoo, akatoa kopo la maziwa, ndani kuna kadi za kliniki, kitambulisho cha taifa kimefungwa kwenye nailoni, na kadi yake ya TASAF. Malipo hakuyaona muda mrefu, alidhani wamemkata, akanyamaza. Shida ilikuwa laini ya simu anayopokelea hela. Ilisajiliwa kwa kidole cha mjukuu wake mkubwa, mjukuu kaondoka nayo kwenda Mtwara, na jina la laini halifanani na jina la mlengwa. Tukaenda kusajili laini mpya, mashine ikagoma, vidole vimelika kwa kufua miaka yote hiyo. Kijana wa laini alikuwa mvumilivu, akajaribu kimoja kimoja mpaka dole gumba la kushoto likakubali. Kutoka hapo tukaenda kwa mtendaji wa mtaa, mtendaji akatuelekeza kwa mratibu wa TASAF wa manispaa, tukarudi mara tatu, na kila safari nauli ya bibi nalipa mimi. Hiyo nauli iweke kwenye bajeti yako toka mwanzo, usimwambie mzee "nenda ofisi fulani" ukaona umemsaidia, nenda nae. Na kila mnapotoka andika tarehe na jina la mliyeongea nae, maana ukirudi unaweza kumkuta mtu mwingine kabisa na inabidi uanze upya kuelezea.

Malipo yaliyofuata nilipita kwake, nikamsomea meseji, akaniomba niisome tena. Nikaisoma. Afu akanituma gengeni nikamlipie deni.