Mpangaji halipi miezi miwili, mtaa wa Sakina, Arusha: kabla hujafunga mlango

Kaka, unasema mpangaji wako hajalipa kodi miezi miwili na unataka kumfungia chumba au kuleta fundi ang'oe mlango. Usiweke kufuli lako juu ya kufuli lake, na huyo fundi mwache kabisa. Ukifanya hivyo, kesho yuko polisi anasema ameibiwa televisheni na laki tano zilizokuwa chini ya godoro, na mwenye kesi ya kujibu ni wewe.

Anza na barua, nakala mbili: jina lake, chumba, miezi anayodaiwa, jumla ya deni, tarehe ya mwisho. Fuata siku za notisi zilizoandikwa kwenye mkataba. Kama hazikutajwa na analipa kila mwezi, mpe mwezi mzima. Asaini nakala yako. Akigoma, mwenyekiti wa mtaa aandike palepale kwamba barua imepokelewa, tarehe na saa.

Wengi wanakwama hapa: mpangaji akileta pesa kidogo, anaandikiwa risiti ya "kodi" tu. Baadaye anadai alilipa mwezi huu. Andika "sehemu ya deni la Machi, bado elfu sitini". Kama alituma kwa simu, hifadhi ujumbe.

Muda ukiisha, nenda Baraza la Kata mkasuluhishwe. Isipowezekana, chukua hati yao inayosema usuluhishi umeshindikana, uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkataba uwe umelipiwa ushuru wa stempu TRA (Mamlaka ya Mapato), la sivyo unaweza kukataliwa kama ushahidi. Kumtoa mpangaji ni kwa amri ya Baraza hilo la Wilaya, kupitia dalali wa Baraza, yule anayetekeleza amri zake.