Airisi zimesukumwa juu na barafu: nizikandamize au nizing'oe?

Swali: Nilipanda airisi zenye ndevu (maua yenye vinyweleo kama ndevu kwenye petali za chini) muda mfupi kabla ya baridi kuingia. Sasa theluji imeyeyuka na matunguu yamejitokeza juu, mengine yameegemea upande na mizizi yake inaonekana. Je, niyakanyage kwa kisigino yarudi chini, au niyang'oe nipande upya?

Jibu: Kisigino kiweke kando kwanza. Tunguu la airisi ni shina nene linalolala kama tangawizi, na mizizi yake hutokea tumboni. Ukilikanyaga, mizizi iliyokwisha kulegea inakatika, na udongo uliolowa unashindiliwa hadi hewa haipiti.

Maji ya udongoni yakiganda hutanuka, lakini hilo peke yake lisingeinua mmea kiasi hicho. Tabaka la barafu huvuta maji mengine kutoka chini, nayo yakaganda, likazidi kunenepa na kubeba kila kilicho juu yake. Mchana udongo ukiyeyuka hushuka, tunguu likabaki juu. Usiku likasukumwa tena. Yako yalikuwa bado machanga. Airisi huhitaji wiki 6 hadi 8 za kushika mizizi kabla ardhi haijaganda.

Subiri ardhi iyeyuke yote na ipungue majimaji, huku mizizi iliyo wazi ukiifunika kwa mchanga isikauke. Kisha shika tunguu kwa vidole ulitikise polepole, kama unavyopima jino la mtoto linalotaka kung'oka. Likigoma, mizizi ya chini bado imeshika. Hilo usilitoe, lisogezee udongo pembeni ufunike mizizi tu. Mgongo wa tunguu uache wazi, kwa sababu airisi zenye ndevu hutaka kuota jua, na huenda nusu ya unachokiona wala si madhara.

Likikufuata mkononi, libonyeze kwa kidole gumba kabla ya kulipanda. Likiwa gumu, sawa. Likibonyea na kutoa uji unaonuka (harufu hiyo ukiinusa mara moja huisahau), ni uozo wa bakteria. Chonga mpaka ufikie nyama nyeupe na ngumu, kila mkato ukichovya kisu kwenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 9. Lianike siku moja au mbili lifunge kidonda. Kisha chimba shimo, acha kituta katikati, kalisha tunguu juu yake kama mtu aliyepanda punda, mizizi ikishuka pande zote mbili. Fukia, bonyeza kwa viganja, mwagilia mara moja.

Majani makavu ya mwaka jana yaondoe, maana hubeba vimelea vya madoa. Mbolea yenye naitrojeni nyingi usiiguse. Hukuza majani laini na kukaribisha uozo. Maua huenda usiyaone mwaka huu, lakini usiyang'oe matunguu kwa hasira.

Airisi za Siberia, zile zenye majani membamba kama nyasi, ni habari nyingine: shina lake hufukiwa sentimita 3 hadi 5.

Baridi ijayo, tandaza nyasi kavu au matawi ya msonobari baada ya ardhi kuganda, si kabla. Wengi hudhani matandazo ni blanketi la kuupa mmea joto. Kazi yake hapa ni kuifanya ardhi ibaki imeganda, isiyeyuke mchana na kuganda usiku. Baridi ikiisha, yaondoe yote, mgongo uone jua.