Feriki kloraidi haikaushwi kwenye oveni

Vijana wa maabara, oveni imetoa tena moshi wa kuchoma koo na rafu zimeota kutu. Basi tuandike.

1. Soma lebo hadi mwisho. Feriki kloraidi kavu, FeCl₃, ni gramu 162.2 kwa moli. Ile ya njano-kahawia yenye molekuli sita za maji ndani ya fuwele, FeCl₃·6H₂O, ni 270.3. Ukipima gramu 16.2 za hiyo ya pili kwa lita moja ukidhani una 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), una 0.06 M tu.

2. Sasa oveni. Aliyewahi kukausha kopa salfeti ya bluu ikawa nyeupe huamini chumvi zote zenye maji ndivyo zilivyo. Hata sisi wakubwa tuliamini, tusijifanye. Lakini feriki kloraidi yenye maji sita huyeyuka ikifika nyuzi 37 hivi, ikawa uji wa kahawia. Ukizidi kuipasha, maji hayaondoki peke yake. Fe³⁺, yaani chuma kilichomo ndani yake, ni ioni ndogo yenye chaji kubwa. Huvuta oksijeni ya maji kwa nguvu hadi maji yanaachia H⁺, nayo hutoka pamoja na Cl⁻ kama gesi ya hidrojeni kloraidi. Ndiyo iliyokuwasha koo, na ndiyo inayokula rafu, kisha inahamia kwenye mizani jirani. Sahani inabaki na oksikloraidi, na moto ukizidi, oksaidi ya chuma. Yaani umetengeneza kutu kwa umeme wa kulipia! Ukitaka iliyo kavu, agiza iliyo kavu, na chupa ifungwe mara moja, maana hunyonya unyevu ukiwa unaitazama.

3. Lita moja ya 0.1 M: gramu 27.0 za yenye maji sita, maji kiasi kwenye bika, mililita 20 za asidi hidrokloriki kali, koroga, hamishia kwenye chupa ya kipimo, jaza hadi alama. Ukiiruka asidi, siku chache baadaye utakuta tope la kahawia chini; ni mchezo uleule wa namba 2, safari hii bila moto. Ukitumia iliyo kavu, iingize kwenye maji kidogo kidogo, kwenye chemba ya moshi. Huchemka kwa hasira.

4. Spatula ya plastiki, jamani! Kinachokula shaba ya bodi za redio hakitaiheshimu spatula ya chuma: 2FeCl₃ + Fe → 3FeCl₂.

5. Doa kwenye koti: asidi oksaliki, na glavu, kwa kuwa ni sumu. Ukilimwagia jiki, kutu inakamata kitambaa na koti ndilo limekwenda.