Ellerslie 2011: yalifutwa, hayakuahirishwa

Hapana kaka, unasema maonyesho ya Ellerslie, yale ya kimataifa ya maua na bustani kule Christchurch, New Zealand, yaliahirishwa kwa sababu ya tetemeko, lakini hayakusogezwa mbele. Ya 2011 yalifutwa kabisa, yakarudi Machi 2012. Tetemeko la 22 Februari 2011 liliua watu 185, na zilikuwa zimebaki kama wiki mbili tu wafungue. Halafu New Zealand mwezi Machi ndiyo joto linaisha. Ukisogeza miezi mitatu unaangukia kwenye baridi yao, maua utayatoa wapi? Sisi huku Tanga afadhali: masika yakiharibu njia ya Muheza kwenda Amani, wageni wa bustani ya mimea ya huko wanasubiri Julai, mambo yanaendelea. Ila Amani mvua haina msimu, waambie wabebe makoti.